Makofi

Kazi yangu ni kuandika wanachosema.
Nakaa chumba cha nyuma, vipokea sauti masikioni,
meza zikigongwa naweka mabano: Makofi.
Mtu akitania: Kicheko.
Ukimya hauna neno lake. Niliuliza
wiki ya kwanza kazini, wakanicheka.

Jana, saa mbili usiku, likaja fungu la ulinzi.
Mwaka jana lilijaza kurasa sita:
mafuta, mahema, viatu, dawa za malaria.
Mwaka huu ni mstari mmoja
na sifuri nilizozihesabu kwa kidole juu ya kioo,
nikakosea, nikaanza tena.
Mbunge mmoja, sauti imemkauka, akauliza:
mbona mara tatu? Analipwa nani?
Akajibiwa: baada ya Ilangwe, mheshimiwa,
yapo mambo hayasemwi hadharani.
(Makofi)

Ilangwe napajua mimi.
Pampu ya kisima imekufa tangu mwaka juzi.
Siku ile ilikuwa ya mnada,
shangazi Nyemo ametandaza karanga na ubuyu
upande wa mbuzi, na hilo ndilo lililomponya,
maana bomu lilikuwa upande wa ng'ombe.
Redio ikasema tisa.
Shangazi hajui kusoma. Kila kaburi alilokwenda
alipiga fundo kwenye pindo la kanga.
Mafundo kumi na saba. Kanga haikunjiki vizuri.

Wakaja wawili na gari jeupe, wapole,
wakanywa maji yake ya kununua.
Mama, siku ile kulikuwa na vumbi, hukuona sawasawa.
Akawaambia: vumbi halizikwi, wanangu.

Na Ndahani, yule mchunga mbuzi
aliyesema askari wa njia panda
waliondolewa jioni ya kuamkia mnada,
bado anasaidia uchunguzi.
Mwezi wa tano huu, anasaidia tu.
Mama yake humwekea ugali, kisha anawapa kuku.

Wanaoafiki waseme ndiyo.
Ndiyo ikanijaa masikioni kama mchanga.
Nadhani waliosema ndiyo wameshinda.
Nimeandika. Ndiyo kazi yangu.

Ila pale, baada ya swali la yule mbunge,
kabla ya jibu, kulikuwa na kitambo
hakuna aliyekohoa.
Nikabonyeza nafasi tupu mara kumi na saba.

Asubuhi mhariri ataliona pengo,
atadhani mashine ina kasoro,
atalibana.
Nimetoka saa nane usiku. Upepo wa Dodoma
ulikuwa ukipiga mabati ya Nkuhungu,
pa, pa, pa,
nami, kwa mazoea, kidole kikatafuta mabano.