Kushuka Mtaa wa Blake

Jumatatu mnyororo uliteleza mbele ya duka la mikate.
Nikaurudisha kwa vidole viwili na tiketi ya basi,
basi nililoapa sitalipanda tena.

Jumanne, mwiba.
Halmashauri ilipogoa ua, ikaacha takataka njiani,
na mwiba mmoja, mdogo kama ukucha wa kichanga,
ukanichagua mimi katika Sheffield nzima.

Lakini ina mota. Kupanda Walkley si kazi:
nagusa kitufe, nasukumwa mgongoni
kama na mkono wa shangazi aliyechelewa harusi.
Nawapita vijana wenye mapaja ya chuma,
nawasalimu. Wananichukia.

Waliosema kupanda mchongoma
waliujua Mtaa wa Blake: kushuka ndio ngoma.
Breki zinapiga mayowe
hadi paka wa Bi Ollerenshaw anakimbilia ndani,
na mwenyewe anatoka, bisibisi mkononi, hajaitwa.
"Pedi zimekwisha, kipenzi. Unasaga chuma kwa chuma."
Ana miaka themanini na moja.
Thelathini kati ya hiyo alifunga breki za treni.

Leo baridi imekula betri.
Mistari mitatu, mmoja, kisha kioo cheusi
katikati ya kilima,
na kilo ishirini na sita zikakumbuka uzito wake.
Nasukuma. Mvua nayo inasukuma, ila kutoka juu.
Vijana wa mapaja wananipita, mmoja, wawili.

Wa tatu anashuka. Hasemi kitu.
Anashika kiti kwa nyuma,
pumzi yake inanuka chipsi na siki.