Ya Elfu Moja na Mia Tano

Nyamizi alinionesha zilizonyooka,
zimejipanga kando ya barabara pale Tangi Bovu
kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha.
Mimi nikainama chini ya meza
nikavuta hii: shingo upande, mfuko umepasuka,
mzizi umetoboa nailoni ukashika ardhi isiyo yake.
"Hiyo ya kutupa, kaka."
Nikampa elfu mbili.
Akanirudishia mia tano, kwa aibu ya biashara.

Mimi ni fundi wa kusuka mota, Gerezani.
Feni zilizoungua, pampu zilizokufa,
nazungusha waya nikihesabu kwa midomo, sauti sitoi.
Shaba iliyokwisha kupita motoni
haina kiburi tena. Inafuata kidole.
Nilikuwa nayo nusu kilo kwenye kopo la maziwa,
sikujua naiweka ya nini.

Usiku ule Magomeni umeme ulikatika.
Tumsifu, miaka saba, alinishikia tochi ya simu.
Nikakata mzizi mkuu kwa kisu cha kachumbari,
nikakata na kichwa,
futi nzima ya majani iliyokuwa inakimbilia juu,
utomvu ukachuruzika mweupe hadi kiwikoni.
"Baba, inalia maziwa."
Nikajifanya nahesabu.
Nikaipanda kwenye kitako cha mtungi uliovunjika,
kokoto chini, mchanga juu,
nikaisuka kama ninavyosuka mota:
mzunguko, nafasi, mzunguko.

Mama Sekela, akianua nguo:
"Mti na nyaya! Umemfunga nani humo?"
Simfungi mtu.
"Itazaa nini?"
Haizai.
"Hata kivuli?"
Kivuli kipo. Kinamtosha sisimizi.
Akacheka mpaka kibanio kikamponyoka mdomoni
kikaangukia kwa watu wa chini.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Hawasemi umkunje kiasi gani.
Hawasemi umwachie lini.

Masika nilikwenda Tukuyu kumzika kaka.
Niliaga wiki moja. Mpaka wa shamba
ulinishika miezi minne.
Niliporudi, gome lilikuwa limeumeza waya.
Waya wa hivyo haufunguliwi kwa kuzungusha,
unararua.
Unakatwa kwa koleo, pingili kwa pingili,
pumzi umeibana.
Jumapili nzima.
Shaba ikatoka vipande vipande kama kucha,
na kovu likabaki limezunguka shina
kutoka chini mpaka juu.

Mwaka huu mteja amefuata pampu yake nyumbani.
Akaiona barazani, akachuchumaa, akasahau pampu.
Laki moja na nusu, alisema.
Akaweka kidole palepale kwenye kovu:
"Na hapa, fundi, hapa umefanyaje?"
Nilichelewa, nikamwambia.
Akadhani naficha ufundi.
Akapandisha hadi laki mbili.

Sikuuza. Na pesa nilikuwa sina.

Kumbe kile kichwa,
kile nilichokata gizani nikakiacha sakafuni,
Tumsifu alikwenda kukichomeka nyuma ya nyumba,
karibu na karo. Hakuniambia.
Sasa anavaa sketi ya sekondari
na kichwa kimepita dirisha letu la ghorofa ya pili,
kinagonga bati upepo ukija.
Mizizi imeinua mfuniko wa karo.
Mwenye nyumba ametuma ujumbe:
ukatwe kabla mwezi haujaisha.

Ni mti uleule. Maziwa yaleyale.
Huu nauinamia. Ule unaniumiza shingo.
Tumsifu hakusema kitu nilipomsomea ujumbe,
aliendelea kupiga pasi.

Leo alfajiri nimekuta lile kopo la shaba
limeoshwa, limejazwa maji, limewekwa dirishani,
na ndani kijiti kimoja, majani mawili.
Sijamuuliza amekikata kwenye upi.