Kiziwi na Mdaku

Dukani kwa Ndelilio, nyuma ya soko la Mbuyuni,
vipaza sauti viwili juu ya kaunta ya kioo,
kila kimoja na waya wake wa USB
umeviringwa kama kamba ya mbuzi aliyeuzwa.

"Hiki kiziwi," anasema, "husikia mdomo tu,
tena mdomo uliokisogelea.
Hiki kingine mdaku.
Jani likidondoka Rau, kimeshanasa."

Nikapima kwa moja, mbili, moja, mbili.
Nikapima kwa jina langu.
Elfu tisini na tano; akashusha tano.
Nikaondoka na mdaku kwenye mfuko wa khaki.

Usiku nikajifungia kabatini,
vitenge vya marehemu mama begani, shingoni,
nikasoma kipindi cha kahawa na madeni ya ushirika
hadi jasho likanichoma jicho.

Kisha nikasikiliza.
Sauti yangu, nyembamba kuliko nilivyodhani.
Friji. Vyura.
Pikipiki ikipanda barabara ya Kibosho.
Na chini kabisa, chumba cha pili,
baba, ambaye mchana kutwa alikiita kipindi upuuzi,
ananifuatisha taratibu, neno kwa neno:
karibuni tena, wasikilizaji wangu...
Akakosea. Akakohoa. Akaanza upya.

Sikufuta.

Asubuhi Ndelilio ananitazama:
"Umerudi kubadilisha?"
Hapana. Nataka cha pili.
Safari hii nipe kiziwi;
mzee akicheka hupiga meza.