Picha Mama

Ijumaa jioni, theluji ya Łódź ikigeuka tope,
nilitambaa chini ya meza arobaini na moja
za kiwanda chetu cha vifungo.
Nikachomoa nyaya, nikabeba masanduku
yenye vumbi, maganda ya alizeti,
kifungo kimoja cha koti la jeshi.
La mzee Walerian wa mahesabu nililiacha la mwisho.
"Hilo lilinipasha miguu," alisema.
"Miaka tisa. Sasa miguu nitaiweka wapi?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa:
kompyuta zote zinahamia chumba kimoja,
ndani ya seva mbili nyeusi nyuma ya stoo ya nyuzi.
Mezani itabaki skrini, na kijisanduku
kama kipande cha sabuni.
Yako itakuwepo na haitakuwepo.
Ni kompyuta pepe.

Akanitazama kama mtu aliyenunua gunia la mpunga,
akapepeta, akaambulia pepe.

Kazi yote ni picha mama:
unaitengeneza moja, unaisafisha, inazaa.
Yake ndiyo ilikuwa na kila programu,
ankara, ghala, mishahara,
basi nikanakili yake.
Nikafuta mafaili, nikafuta barua, nikafuta nenosiri.
Saa nane usiku, macho yamejaa mchanga,
nikabonyeza.
Zikazaliwa arobaini na moja kabla chai haijapoa.

Jumatatu, saa mbili kamili, wote wakaingia kwa mpigo mmoja
na seva zikahema kama punda aliyetwikwa harusi nzima.
Duara dogo likazunguka. Likazunguka.
Halafu, mezani kwa Bożena, kwa Ksawery wa mauzo,
mapokezi, ofisini kwa mkurugenzi,
akatokea mwanamke yule yule:
skafu ya njano, kikapu cha uyoga,
amechuchumaa msituni
anamcheka anayepiga picha.

Katika yote niliyofuta, mandhari ya skrini sikuigusa.

Hakuna aliyesema kitu.
Wanne kati yao walibeba jeneza la Felicja, Machi iliyopita.
Walerian akainuka, akapita meza kwa meza,
mikono nyuma, kama mkaguzi,
hadi ya mwisho.
"Skafu hiyo," akasema, "hakuipenda hata siku moja."

Kurekebisha ni dakika nne:
unambadili mama, wana wanafuata.
Nilisema nitafanya mchana.

Mchana akaja chumba cha seva na kiti chake,
mkate, jibini, kisu cha kukunja.
Akavua viatu, akanyoosha miguu
panapotokea ile hewa ya moto.
Akala nusu, akasimama kutafuna.
"Yumo humu?"

Nikamwonyesha taa ya kijani, ya tatu kutoka chini.
Kusema kweli, diski zimechanganya kila kitu humo,
mama na mwana, ankara na uyoga.
Lakini kidole kilikwisha kuinuka.