Kumbe

Neno la kwanza lilirudi siku ya kumi na tisa,
wodini Mnazi Mmoja, nikimfuta uji kidevuni.
Si jina langu. Si jina la mungu wa mama yake.
Alisema: kumbe.

Kikachi cha nyumbani kimekwenda.
Kigujarati cha daftari la madeni nacho kimekwenda,
wino ulioingia maji.
Kilichobaki ni Kiswahili cha barazani,
cha gololi na zambarau za kuiba,
alichokiokota Kiponda kabla hajajua viatu,
miaka mingi kabla sijashuka mimi kutoka Mandvi
na sanduku la bati na maneno matano:
chumvi, ngapi, punguza, kesho, basi.

Kumbe, akitaka maji.
Kumbe, mkojo ukishamponyoka,
na uso ameugeuzia ukutani.
Kumbe, kwa binti yetu ndani ya simu, Lesta, theluji dirishani,
binti analia,
na Baba Nimisha anamchekea kwa nusu ya mdomo,
nusu ya pili haikualikwa.

Wanawake wa jumuiya walikuja na ladu na ushauri.
Shusha pazia, Kusum, watu wasimwone hivi.
Hekaluni walimwombea kwa sauti ya chini,
kama anavyoombewa aliyekwishasafiri.
Bi Zuwena wa ghorofa ya chini akaleta kombe,
zafarani na marashi kwenye sahani ya kaure.
Nikamnywesha. Sikuuliza kimeandikwa nini.
Nikamnywesha na vidonge vya presha,
vile vile alivyokuwa akivificha chini ya godoro
akisema achari haijapata kumuua Mhindi.

Tatu, mtaalamu wa viungo, hupanda Jumatatu na Alhamisi
ngazi thelathini na nne, anafika anahema.
Mkono usipokumbushwa, anasema, husahau.
Akampa mpira wa kuminya.
Akautupa uani, kwa kuku wa watu.

Basi nikashuka dukani, kufuli la miezi minne,
kutu na grisi vikanitazama kama mawifi.
Mimi na kijana wa Bi Zuwena tukapandisha Foniksi moja,
tukaipindua sebuleni, magurudumu juu,
nikamshikisha pedeli.

Mkono wa kulia ukakaa pale kama samaki wa jana.
Nikaufunika kwa wangu. Tukazungusha
mara tatu, mnyororo ukaruka.

Wa kushoto ukaufuata wenyewe, haukungoja amri.
Wa kulia nao ukaja,
umechelewa, unatetemeka,
ukaugusa.
Legeza, akasema.
Sijui aliiambia nati au aliniambia mimi.

Shuka bado nafua kila alfajiri.
Kijiko bado kinakwenda sikioni.
Jana alinipiga, kwa mkono mzima,
kisha akalia, kisha nikalia, chapati zikaungua.

Kwetu mke halitamki jina la mumewe.
Miaka arobaini na miwili nimemwita wewe,
nimemwita unasikia, nimemwita kwa kugonga bangili mlangoni.
Tatu anasema: mwite, mama. Kwa jina. Upande uliolala.

Nimesimama kuliani kwake, chai mkononi,
mdomo umenikauka kama wa bi harusi.
Pranjivan.

Anageuka polepole,
mlango uliovimba kwa masika.
Kumbe, anasema.

Labda ni mimi.
Labda chai imepoa.