Upande wa Kushoto

Ulianza Oktoba, tukiwa bado tunabeba ngano:
mvumo mdogo chini ya sakafu ya pikapu,
kama mtu anayenung'unika akiwa amefumba mdomo.
Kilomita sitini, unanong'ona. Tisini, unasema.
Mia na kumi, redio haina kazi tena.

Siku ya kumkabidhi funguo nikamwambia:
beringi, gurudumu la mbele, kushoto.
Kulia, akasema Orest,
na hilo likawa neno lake la kwanza kwangu
tangu tuuze robo ya kaskazini.

Husemwa ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Sisi tuligombania shamba lenyewe.
Pikapu ya baba tu ndiyo iliyokataa kugawanyika:
yeye huiendesha msimu wa theluji,
mimi kuanzia kupanda hadi kuvuna.

Banda lake, Februari. Nje nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
theluji inalia chini ya buti kama wanga mkavu.
Mimi ndiye niliyenunua habu, kwa hiyo kushoto.
Tukapiga jeki, tukaegemeza stendi,
nikashika gurudumu juu na chini, nikalitikisa.
Likacheza. Kidogo, unene wa ukucha,
au mikono yangu ndiyo iliyocheza.
"Umeona?"
Orest akawasha tochi, hakujibu.

Kalipa tukaining'iniza kwa waya
isiuvute mpira wa breki.
Diski. Waya wa sensa, mwembamba, mkavu kwa baridi.
Nati kubwa ya ekseli:
nilisimama juu ya bomba tuliloongezea spana,
nikaruka mara mbili
na uzito wangu wote wa miaka hamsini na minne.
Halafu bolti za nyuma, ambako mkono haufiki
bila kuchubuka.

Na habu haikutoka.

Chumvi ya barabarani, majira kumi na tisa ya baridi,
ilikuwa imeshona chuma na chuma;
hujui tena habu yaishia wapi, kiwiko chaanzia wapi.
Tukanyunyiza mafuta. Tukangoja. Tukanywa chai
aliyoleta Darka bila kuuliza nani anataka sukari,
maana anakumbuka.
Tukapiga. Nyundo ya ratili nane, zamu yake, zamu yangu,
zamu yake,
na kati ya pigo na pigo hakuna aliyetaja ardhi.
"Zungusha." "Shika." "Hapo." "Siyo hapo."
Hatukuwahi kuongea kirefu hivyo kwa miaka minne.

Saa kumi jioni ikaachia ghafla, ikamwangukia kwenye buti.
Akatukana kwa Kiukreni, tusi la baba,
lile la ng'ombe na askofu,
nikacheka kabla sijajizuia.

Nikasugua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa,
nikapaka grisi, kwa ajili ya atakayekuja kufungua tena.
Habu mpya ikaingia kama mkono mfukoni.
Orest alipokwenda kunawa
nikaizungusha ile ya zamani kiganjani.
Pamoja na nyundo zote zile, ilizunguka laini.
Haina mchanga. Haina sauti.
Nikaisukuma chini ya benchi, nyuma ya ndoo.

Tukatoka kuijaribu, barabara ya kuelekea Yorkton,
mimi kwenye usukani, yeye pembeni.
Sitini. Tisini.
Mtu yule yule, mdomo umefumbwa,
ananung'unika
chini ya miguu ya Orest.

Angeweza kusema. Nilikuwa na jibu,
nilishaliandaa tangu Oktoba.
Alitazama nje, maghala yakipita,
robo ya kaskazini ikipita na taa za wenyewe wapya,
kisha akafuta ukungu kwenye kioo kwa mkono wa koti.

"Kesho, saa mbili," akasema.
"Na ile ya nyuma ya ndoo,
niliiona."