Mafuta ya Ganda

Leo trei ya tisa. Vitone tisini na sita,
kila kimoja na chumvi yake, na uchachu wake,
na ndani ya vyote kimeng'enya kilekile
cha kimelea cha malaria, tulichokichuja wiki tatu
katika chumba cha nyuma, Ligula, Mtwara,
feni ikilalama juu kama mtu anayedai.

Nainamia hadubini.
Ukungu. Ukungu. Mashapo. Kitone kilichokauka.
Utando kama wa maziwa. Ukungu.
Unywele. Wangu, nadhani.

Protini haina haraka na mtu.
Unaisihi ijipange safu kwa safu,
bega kwa bega kama swala ya Idi,
nayo inarundikana kama wakulima ghalani
siku bei ya korosho imetangazwa vibaya.
Na umeme ukikatika
(gesi inatoka Msimbati, inatupita chini ya miguu
kwenda kuwasha taa za wengine)
nasimama gizani nalipepea friji
kwa jalada la faili, kama mgonjwa.

Mama mdogo Somoe alikuwa mbanguaji.
Miaka kumi na saba, Newala, kiwandani kisha uani,
majivu kiganjani, ganda, nyundo, ganda.
Mafuta ya ganda hayaulizi jina:
yalimla ngozi, ikaota, yakaila tena.
Alipokwenda kuandikishwa kitambulisho
mashine ilikitazama kidole chake ikasema hakuna mtu.
Weka kingine. Hakuna mtu.
Vidole kumi, hakuna mtu.
Karani akamwambia arudi Jumatatu,
kana kwamba Jumatatu alama zingekuwa zimechipua.

Sikumwambia Daktari Nantende kwa nini
niliyatia mafuta yale kwenye orodha.
Nilisema yana asidi yenye mkia mrefu, yafaa kujaribiwa.
Ni kweli. Si kweli yote.

Trei ya kumi na nne, safu ya nne, kitone cha saba.
Kitu kinameta.
Kidogo kuliko chembe ya sukari mdomoni mwa kikombe,
pembe sita, kingo kama zilizopigwa randa.
Fuwele.
Nje likapita lori la korosho kuelekea bandarini,
meza ikatetemeka. Nikaiwekea mkono.
Tulia, nikaiambia. Meza!

Tuliigandisha, ikasafiri ughaibuni
kwenye mwanga mkali tusio nao,
ikarudi ikiwa madoa: maelfu ya vidoa vyeusi,
eksirei iliyogonga fuwele ikatawanyika.
Kutoka madoa, hesabu. Kutoka hesabu, ramani.
Na usiku mmoja kwenye skrini
uzi wa protini ukaanza kujikunja,
kuingia, kutoka, kujipita,
kama ukili mkononi mwa asiyetazama anachosuka.
Katikati, kishimo.
Ndimo kimelea kinamovunjia sukari ya damu yetu.
Na kishimoni, mahali pa sukari,
mgeni: kichwa cha duara,
mkia umekunjwa kama wa paka aliyelala.

Nilimpelekea Somoe picha, nikapiga simu.
"Hiki ndicho kilichonila?"
Ndicho.
"Na hapo kinamla nani?"
Hakili, nikasema. Kimeziba tu,
kama mfupa wa samaki kooni.
Nikamweleza kuwa si dawa. Mkia lazima upunguzwe,
maana kinachomkaba kimelea
kisije kikaunguza ini la mtoto.
Kwamba ni miaka kumi, labda zaidi, labda bure.

"Lakini umbo mmeliona."
Tumeliona.

Kimya. Nikasikia kuku wake, na sufuria ikifunikwa.
"Basi waambie wale wa vitambulisho
alama zangu zimepatikana," akasema.
"Zilikuwa zimejificha humo."
Akacheka mpaka salio likaisha. Langu.

Kesho trei ya kumi na tano, mkia mfupi zaidi.
Friji linaunguruma.
Nimenunua kitambaa cha kufunga nywele.